Furaha, Starehe na Anasa: Historia ya Uamsho kati ya Mbarara na Nakivale

Kiswahili kina maneno mengi ya kutaja hali njema ya moyo, na kila mwalimu aliyewahi kuyafundisha anajua jinsi yanavyowasumbua wanafunzi. Kuna raha, kuna starehe, kuna anasa, kuna shangwe, na kuna furaha. Kamusi huyaweka karibu karibu, wala halaumiwi mwanafunzi anayeyachukua kuwa ni mamoja. Lakini aliyekulia katika lugha hii hayachanganyi. Raha huja mwili unapotulia. Starehe huja kwa nafasi, na mara nyingi kwa fedha. Anasa huzidi haja ya mtu, na aghalabu hutajwa kwa lawama. Furaha yaweza kukaa kwa mtu asiye na hata moja kati ya hayo. Sarufi nayo yashuhudia hivyo: mtu hufurahia kitu, lakini pia hufurahi tu, pasipo kutaja kitu chochote, na watu waliopatana hufurahiana.

Tofauti hii ya maneno ina historia yake katika Afrika Mashariki. Kwa muda wa karibu miaka mia moja Wakristo wa eneo hili wamekuwa wakijiuliza kama furaha ya imani yaweza kudumu mahali ambapo fedha, mitindo na starehe za ulimwengu wa kisasa zimeingia kila nyumba. Sehemu kubwa ya mjadala huo ilitokea kusini-magharibi ya Uganda, katika nchi ya zamani ya Ankole, ambako mji wake mkuu ni Mbarara na ambako yako pia makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makala haya yanakusudia kuifuata historia hiyo kwa ufupi, na kuonyesha ni nini hasa kilichoihifadhi furaha pale ilipohifadhiwa, na ni nini kilichoipoteza pale ilipopotea.

Chimbuko la Walokole

Mwezi wa Septemba 1929 watu wawili walikutana Namirembe, Kampala. Mmoja alikuwa Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye cheo na mali. Wa pili alikuwa Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki ya Rwanda. Wote wawili walikuwa wamechoshwa na Ukristo waliouona pande zote: makanisa yamejaa, majina yameandikwa katika daftari za ubatizo, na mioyo imepoa. Walisoma Biblia pamoja na kuomba, na Church akarejea Gahini akiwa mtu mwingine.

Huko Gahini walikuwapo Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, aliyekuwa mwalimu wa wainjilisti, na Yosiya Kinuka, mtumishi wa hospitali, mwenyeji wa Ankole. Mwisho wa mwaka 1933, katika mkutano wa maombi uliofanyika hapo, watu walianza kusimama mmoja baada ya mwingine wakikiri makosa yao hadharani. Mwezi wa Septemba 1935 mkutano mwingine ulifanyika Kabale, katika Kigezi, na kutoka hapo moto ukaenea Uganda. Kigozi alifariki Januari 1936 angali kijana, lakini kifo chake hakikuuzima. Katika miaka michache habari zilifika Kenya, Tanganyika, Burundi na Kongo.

Watu wa uamsho huo waliitwa kwa Kiganda Balokole, yaani waliookoka. Na Kiswahili kikalipokea neno hilo kikalivika viambishi vyake, likawa mlokole na walokole. Hapo mwanzo lilikuwa jina la kejeli. Wenyewe walipendelea kuitana ndugu. Wimbo wao, Tukutendereza, uliimbwa kwa Kiganda hata na watu wasiojua Kiganda, kutoka Kampala hadi Dodoma, na ukawa ishara yao ya kutambuana kituoni na barabarani.

Walijulikana kwa mambo mawili. La kwanza lilikuwa kutubu waziwazi. Mtu aliyeiba alirudisha alichoiba, hata kama mwenye mali alikuwa amekwisha kusahau. Aliyeidanganya serikali alikwenda ofisini kusema. Mume alimwomba mkewe msamaha mbele ya watu. Wao waliita jambo hilo kutembea nuruni. La pili lilikuwa furaha iliyowaudhi majirani. Waliimba usiku, walikumbatiana njiani, walicheka wakiwa wamekiri mambo ambayo wengine wangejificha kwa aibu. Mwaka 1941 katika chuo cha theolojia cha Mukono wanafunzi 26 walifukuzwa, miongoni mwao William Nagenda, baada ya kukataa kuacha maombi yao ya alfajiri na mahubiri yao yasiyowapendeza wakubwa.

Mambo hayo mawili hayakuwa mbalimbali. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Walokole waliligeuza fundisho hilo kuwa desturi ya kila juma: katika kikundi kidogo cha ndugu mtu alitaja ugonjwa wake kabla ya kilio kumfichua. Furaha yao ilitokana na kutua mzigo, na mzigo ulituliwa mbele ya watu waliomjua vema aliyeutua. Ndiyo sababu haikuhitaji pombe, wala ngoma, wala fedha.

Meza moja katika Ankole

Katika Ankole desturi hiyo iligusa jambo zito. Jamii ya huko ilikuwa na Wahima, waliokuwa wafugaji, na Wairu, waliokuwa wakulima. Na mpaka baina yao ulionekana zaidi kwenye chakula kuliko mahali pengine popote. Mhima wa kale aliishi kwa maziwa, akaona unyonge kula vyakula vya mkulima au kula pamoja naye. Wanawake wa Kihima wa nyumba kubwa walikaa ndani wamefunikwa, wakinyweshwa maziwa ili wanenepe, wala hawakushika jembe.

Walokole walikula pamoja. Mhima aliyeokoka alikaa na Mwiru aliyeokoka, wakala chakula kimoja na kuitana ndugu. Wanawake waliokuwa wamefungiwa walitoka, wakasimama kusema, wakafanya kazi kwa mikono yao. Kwa macho ya wazee hilo lilikuwa jambo la kuvunja nchi. Kwa macho yetu sisi, tunaotazama kutoka mbali, ni vigumu kusema kwamba walokole walikuwa adui wa mambo ya kisasa: katika suala la cheo na jinsia walitangulia mbele ya wakati wao. Walichokikataa ni kuwa mtu apate thamani yake kutokana na ng'ombe, ukoo au kinywaji. Mkutano mkubwa wa Kabale wa mwaka 1945 ulichukua kauli mbiu iliyosema, kwa maana yake, kwamba Yesu anatosha. Neno kutosha hapo lina uzito: aliyetoshelezwa hashindani.

Matunda yaliyoleta mtihani

Hata hivyo historia haikukoma hapo. Mtu aliyeacha pombe alibaki na fedha mfukoni. Aliyekuwa na mke mmoja aliweza kuwasomesha watoto wake. Asiyeiba alipewa dhamana ya duka na ofisi. Baada ya vita vya pili vya dunia bei ya kahawa ilipanda, na nyumba za bati zikaongezeka. Nyumba za walokole hazikuwa za mwisho. Watoto wao wakaingia sekondari, wakawa walimu, makarani na waganga. Hivyo maisha yaliyoanza kwa kutotamani mali yalizaa mali.

Jambo hili halikuwapata watu wa Uganda peke yao. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti huko Uingereza katika karne ya 18, alilalamika uzeeni kwamba dini huleta bidii na uwekevu, bidii na uwekevu huleta utajiri, na utajiri huidhoofisha dini iliyouzaa. Walokole wa Ankole na Kigezi walilijua fumbo hilo kwa uzoefu, hata wale ambao hawakupata kumsikia Wesley.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 fumbo likageuka kuwa ugomvi. Baadhi ya ndugu walisema kwamba uamsho umelala na lazima uamshwe tena. Wakajulikana kama Wazukufu, yaani walioamka. Waliwalaumu wenzao kwa kuingia katika madeni, kwa kupenda mali, kwa kuvaa na kujipamba kwa mitindo mipya. Mengi ya lawama zao yalikuwa na ukweli. Deni, kwa mfano, si jambo dogo: mtu aliyekopa ili aonekane sawa na jirani yake ameuza amani yake ya kesho kwa sifa za leo. Lakini dawa waliyoitoa ilikuwa orodha ya makatazo. Na orodha, kama ilivyo desturi ya orodha, ilirefuka. Ndugu waliokuwa wakilia na kucheka pamoja kwa miaka thelathini waliacha kuketi pamoja. Palipokuwa na ushuhuda pakawa na ukaguzi.

Ni vema kukumbuka kwamba katika miaka hiyo hiyo serikali ya Idi Amin nayo ilikuwa na orodha yake. Mwaka 1972 ilipiga marufuku sketi fupi, na wanawake wakakamatwa njiani kwa sababu ya urefu wa nguo zao. Utawala uliokuwa ukiwaua raia ulijitangaza kuwa mlinzi wa maadili. Hapa pana fundisho kwa yeyote anayefikiri kwamba utamaduni wa kisasa hushindwa kwa amri juu ya mavazi. Dikteta naye aweza kurefusha sketi. Hawezi kumfurahisha mtu.

Kabale, 1973 na 1977

Jibu la swali letu lilitolewa mahali pasipotazamiwa. Tarehe 10 Februari 1973 watu watatu walipigwa risasi hadharani mjini Kabale, na umati ukalazimishwa kutazama. Askofu Festo Kivengere, aliyekuwa amewekwa kuwa Askofu wa Kigezi mwaka uliotangulia, aliruhusiwa kusema nao. Wasomaji wa jarida hili watapenda kujua kwamba Kivengere alikuwa mwalimu: mzaliwa wa kusini-magharibi ya Uganda mwaka 1919, alifundisha Dodoma tangu 1946 hadi 1959, na Kiswahili alichokipata huko kilimwezesha kuwa mkalimani wa mhubiri Billy Graham alipozuru Tanganyika mwaka 1960.

Kivengere alisimulia baadaye kwamba aliwaendea wale watu bila kujua la kuwaambia. Kabla hajafumbua kinywa, mmoja wao aligeuka na kumsalimu kwa uso uliong'aa, akamweleza kwamba amekwisha kusamehewa na yu tayari. Askari waliokuwa wakiwatazama walistaajabu. Watu wale hawakuwa na starehe, raha wala shangwe ya sherehe. Kilichobaki kilikuwa furaha peke yake, imetengwa na wenzake wote katika kamusi.

Miaka minne baadaye, tarehe 16 Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum, ambaye mwenyewe aliokoka katika uamsho mwaka 1948, aliuawa kwa amri ya utawala ule ule. Kivengere alikimbia nchi mwezi huo huo, na akiwa uhamishoni alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Wengi walilikataa jina hilo, na hata leo ni gumu kumeza. Lakini maelezo yake yalilingana na mafundisho ya ndugu tangu Gahini: chuki ni mzigo kama mizigo mingine, na mtu asiyeutua hupoteza furaha yake kwanza, kabla ya adui yake kupoteza chochote. Alifariki mwaka 1988.

Nakivale: furaha isiyo na shamba

Sasa tugeukie upande wa mashariki wa Mbarara ya zamani, kwenye ziwa Nakivale. Wakimbizi kutoka Rwanda walianza kufika Uganda kwa wingi baada ya machafuko ya mwaka 1959, na mwaka 1960 Nakivale ikatambuliwa rasmi kuwa makazi yao. Ni mojawapo ya makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa katika Afrika. Miongoni mwa waliokuja walikuwamo walokole, watu wa kizazi kile kile kilichosikia habari za Gahini utotoni. Uamsho uliotoka Rwanda ukiwa habari njema ulirudi kuvuka mpaka ukiwa umebeba mikeka na watoto. Mwezi wa Oktoba 1982 watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa katika mashamba yao wilayani Mbarara, nyumba zao zikachomwa na ng'ombe wao wakachukuliwa. Maelfu walikimbilia makazi hayo au mpaka wa Rwanda. Waliowafukuza walikuwa majirani zao, na wengi wa majirani hao walikwenda kanisani.

Kisha ukaja mwaka 1994. Katika Rwanda ile ile ambamo uamsho ulizaliwa, watu waliobatizwa waliwaua watu waliobatizwa, na makanisa yenyewe yakawa machinjio. Hakuna historia ya Walokole inayostahili kuaminika ikiruka ukurasa huu. Walikuwapo ndugu waliokufa wakiwaficha wenzao. Lakini kuimba kwa miaka sitini hakukuizuia nchi kuangamia. Furaha ambayo haikuthubutu kutaja dhambi ya taifa kama ilivyotaja dhambi ya mtu mmoja ilikuwa imeacha mlango mmoja bila kufungwa. Mtu aliungama kuku aliyemwiba. Chuki ya kabila haikuungamwa kwa sauti ile ile.

Tangu wakati huo Nakivale, ambayo sasa imo katika Wilaya ya Isingiro, imepokea watu wengine: Wakongo waliokimbia vita vilivyoanza 1996 na vile vya 1998 na vilivyofuata, Warundi wa mwaka 2015, Wasomali, Waethiopia. Idadi yao imezidi laki moja. Makazi yamegawanyika katika vijiji vingi, Misiera ikiwa kimoja, na ndani ya kijiji kimoja mtu aweza kusikia lugha nne kabla ya adhuhuri. Lugha inayowaunganisha wengi wao ni Kiswahili.

Jambo hili lina maana ya pekee katika Uganda. Kwa miaka mingi raia wa nchi hiyo walikijua Kiswahili kama lugha ya kambi ya jeshi na ya mtu mwenye bunduki anayegonga mlango usiku. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na tangazo hilo halikukiongezea wapenzi. Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, lakini sheria hazitoshi kuisafisha lugha iliyotiwa doa. Mkimbizi wa Kivu anayesali kwa Kiswahili, na Mrundi anayejifunza Kiswahili ili aweze kusali pamoja naye, wanafanya kazi ambayo hakuna amri iliyoweza kuifanya.

Mashindikizo ya leo

Isidhaniwe kwamba umaskini wa makazi huwakinga watu na utamaduni wa kisasa. Simu imefika. Kijana aliyeketi chini ya turubai huona kila siku nyumba, magari na mavazi ya watu wa Toronto na Dubai, na baadhi ya watu hao ni jamaa zake waliobahatika kuhamishwa. Wahubiri wa utajiri nao wamefika, pamoja na vipaza sauti vyao, wakimwambia mkimbizi kwamba kukosa kwake ni dalili ya upungufu wa imani. Wakati huo huo mgawo wa chakula umepunguzwa mara kadhaa tangu mwaka 2020. Mbarara nayo, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, ina vyuo, mabenki na mikopo ya kila namna; mtihani wa deni uliowagawanya ndugu wa miaka ya 1970 sasa umo katika mfuko wa kila mwanafunzi mwenye simu.

Hivyo mkimbizi na mkazi wa jiji wanashindikizwa na jambo moja kwa njia mbili. Wote wawili wanafundishwa kwamba kufurahi ni kufurahia kitu, na kwamba asiye na kitu hana haki ya kufurahi. Wote wawili wanafundishwa kuonyesha sura njema na kuficha iliyobaki. Hapa ndipo historia tuliyoisimulia inapokuwa na manufaa. Walokole wa kwanza hawakushinda kwa kuikimbia dunia yao. Waliendesha baiskeli, walifungua shule, walipanda kahawa. Walishinda kwa kuwa walikuwa na mahali ambapo uongo haukuhitajika. Walipoacha mahali hapo na kushika orodha, furaha iliwaponyoka, ijapokuwa orodha yenyewe ilikuwa na mambo mema. Na walipoiacha dhambi kubwa ya taifa nje ya mlango wa ushuhuda, wimbo haukuweza kuwaokoa.

Hitimisho

Waraka ambao Wakristo huusoma zaidi wanapotafuta fundisho la furaha, ule wa Paulo kwa Wafilipi, uliandikwa na mtu aliyekuwa kifungoni, akiwaandikia watu aliowataja kwa majina na kuwasihi wapatane. Kifungo na upatanisho vimekaa pamoja na furaha tangu mwanzo. Kwa hiyo yale yaliyotokea Gahini, Kabale na Nakivale hayakuwa mageni katika imani hiyo, ila yalisemwa kwa lafudhi yetu.

Mwalimu wa Kiswahili, awe Mkristo au mwenye imani nyingine, anaweza kuichukua historia hii darasani kwa faida. Awape wanafunzi maneno yale tuliyoanza nayo, awaulize ni lipi linaweza kununuliwa, ni lipi linaweza kuamriwa na serikali, na ni lipi linabaki mtu anapopoteza shamba lake. Starehe ilibaki katika nyumba zilizochomwa mwaka 1982. Anasa haijapata kufika kwenye turubai za Misiera. Lakini neno moja lilivuka mpaka pamoja na watu, bila pasi na bila mzigo, na jioni wanapokutana kusali kwa Kiswahili cha Kivu, cha Bujumbura na cha Mbarara, bado linatumika katika umbo lake la kutendana: hufurahiana.